Miksa ya Bafu la Mama

Jumatatu, 3 Juni
Dagaa nimeanika, nguo nimefua. Mikono bado inanuka samaki. Kibali cha mama kimetoka! Atatoka kambi ya wakimbizi aje hapa Rusimbi kutibiwa sukari. Wiki mbili tu. Tangu akimbie Burundi hajawahi kulala kwangu. Nimelia jikoni kama mtoto.

Jumatano, 5 Juni
Miguu ya mama imekufa ganzi. Kambini aliungua na maji ya beseni, akajua alipoona ngozi imechunika. Nimwogeshe mimi? Hataki. Anasema kwenye simu bado hajafa.
Nimejaribu shawa yetu. Mkono chini ya maji, mume wangu kafungua bomba la jikoni. Lo! Maji baridi yalipungua, ya moto yakanibabua, nikapiga ukelele. Hii miksa, bomba la kuchanganya maji ya moto na baridi, itamuua mama.

Ijumaa, 7 Juni
Duka la mabomba, Mwanga. Muuzaji ananisifia miksa zinazong'aa tu. Kung'aa kutanisaidia nini? Fundi Hamisi kachagua moja nene, mbaya kwa sura. Kishikio kimoja cha kufungulia, kingine cha joto. Ndani ina kidude: maji baridi yakipungua, chenyewe kinabana ya moto. Ila yote yatoke tangi moja, presha zilingane. Nimeichukua.

Jumapili, 9 Juni
Imefungwa. Jikoni tumefungua, uani tumefungua. Maji hayakushtuka. Mama, njoo basi.

Jumanne, 11 Juni
Kafika. Amekonda. Amenishika uso muda mrefu.
Lakini bafuni hakuingia. Kauliza mkwe wake anaogea wapi. Hapohapo, nikasema. "Yoo, mwana wanje, mwanangu! Nivue nguo anapovua mkwe?"
Mjinga mimi. Mila ya kwetu naijua tangu utoto. Nimehangaika na maji, nikamsahau mkwe. Kajimwagia maji baridi kwenye bafu la uani, anatetemeka. Nina hasira naye, nina hasira nami.

Jumatano, 12 Juni
Mume wangu kasikia yote. Kamfuata fundi mwenyewe. Miksa imeng'olewa, imehamia bafu la uani, mabomba yamepita nje ya ukuta. Sasa yeye, mwenye nyumba, anaoga kwa ndoo. Ndugu zake wa Kasingirima wanamcheka. "Wacheke," kasema. Nampenda mwanamume huyu.

Jumamosi, 15 Juni
Mama kaoga peke yake! Kaingia na kigoda, kafunga mlango. Nilikaa nje namsikiliza. Kaimba wimbo wa kupalilia maharage, ule wa shambani kwetu Burundi. Nyumba ile haipo tena. Nilitamani asitoke.

Jumanne, 25 Juni
Gari la kambini limemchukua asubuhi. Sijui kibali kingine kitatoka lini, au kama kitatoka. Kigoda kimebaki.
Nimeoga bafu la uani. Kishikio cha joto kiko pale mama alipokiacha. Sikukigusa. Nimefungua maji tu, nikasimama chini yake. Vuguvugu, vilevile mama alivyokuwa akiniogesha utotoni.
Nimemwambia mume wangu asikiguse.