Soda za Kopo Mtoni

Jumatatu ya Pasaka, usiku

Nilimwambia mume wangu masika si wakati wa kupeleka watoto mtoni. Akasema jua linawaka, tusiwafungie ndani sikukuu nzima.

Akabeba soda za kopo, hizi za nje zilizojaa madukani siku hizi, akazibana kwenye mawe majini zipoe. Baadaye akamtuma Neema, na miaka yake mitano, akazitoe.

Mara nikaona maji yamegeuka rangi ya chai, yanaleta majani mabichi. Sisi tuliokulia Matombo hatuulizi: mvua imepiga juu mlimani.

"Neema, toka!"

"Mama Neema, acha ushamba, mbona kweupe!" Akacheka.

Nilimvuta mtoto kwa gauni mpaka likachanika. Hatujafika hata kwenye mkeka, maji yakashuka yakinguruma, yakafunika mawe yote.

Tangu turudi mume wangu anazungumzia soda zake tu. Eti ningeokoa hata moja.

Sasa amelala. Kamlaza Neema katikati yetu, jambo asilolitaka kamwe. Nimejaribu kumhamishia mtoto kitandani kwake, nimeshindwa. Baba yake amemshika mkono, na hata usingizini haachii.