Vidonge vya Mama Yako

Binti yangu mpendwa,

Sijambo, na paa lililokuwa likivuja limezibwa. Uniwie radhi kwa haya ninayokueleza.

Marehemu mama yako alipopimwa tumbo, alikutwa na bakteria, akapewa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya sita maumivu yakaisha, nikamwambia vilivyobaki tuviweke akiba. Akacheka: "Kwa ubahili hujambo, mume wangu!" Lakini akanitii. Kumbe bakteria hawakufa wote; miaka tisa baadaye ikawa saratani ya tumbo. Daktari hakunilaumu, najilaumu mwenyewe.

Waniandikia kwamba kiungulia hakikuachi. Watu wa nyumba moja huambukizana bakteria hao. Nakusihi, mwanangu, ukapimwe kesho.

Nami nimekutwa nao. Leo ni siku ya nane, sisikii maumivu yoyote, na bado nameza.

Baba yako, akuombaye msamaha.