Kisigino cha Mzee Manubhai

Jumanne, 4 Machi 1997
Plasta ya Mzee Manubhai imetolewa. Mguu umekonda kama wa korongo — nikamwambia hivyo, akacheka kwa shida. Kano ya kisigino ilikatika Januari akiruka mtaro nje ya duka lake hapa Kisii. Hospitali wameishona vizuri, sasa kuiimarisha kwa mazoezi ni kazi yangu. Mwanawe Nishant amempa hadi mwisho wa Juni: asipoweza kusimama kwa ncha ya mguu huo na kufikia rafu ya juu, duka linafungwa na wazee wanahamia kwake Nakuru. Miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ile ile! Mzee hataki kusikia.

Jumanne, 25 Machi
Zoezi: aketi, mfuko wa mawe ya mizani gotini, ainue kisigino. Nikamweleza nilivyosoma. Seli za kano zikihisi mvuto hupelekeana ujumbe, kisha hutengeneza protini na kuzipanga nyuzi upande ule wa mvuto. Mguu ukilala tu, nyuzi zinakaa ovyo. Ukizidisha uzito, inakatika tena. Mzee akasema basi hizo seli ni kama wafanyakazi wake, hawaamki mpaka wasukumwe. Mkewe, Mama Indira, hakucheka.

Jumanne, 22 Aprili
Wiki ya tatu ya kilo tano, na mguu bado legelege! Nikauweka mfuko kwenye mizani yake mwenyewe. Kilo mbili. Jiwe moja chini, dengu juu! Nimemtania mpaka akakosa pa kutazama: mtu asiyewahi kumpunja mteja hata robo, anaupunja mguu wake. Akaapa hajui lolote. Sikumwamini hata kidogo.

Jumatano, 23 Aprili
Mama Indira kanifuata hadi stendi. Ni yeye! Kila asubuhi mzee akioga, anatoa mawe na kujaza dengu. Siku ile ya mtaro alikuwa mlangoni, aliisikia kano ikikatika — pap.

"Daktari, mimi nikisikia hiyo sauti tena, nitakufa."

Nimeona aibu. Nimemtania asiye na kosa. Nikamwambia tangu leo mawe atatia yeye, robo kwa robo, mimi nikiwepo. Mzee sijamwambia. Nadhani alijua.

Jumanne, 3 Juni
Anainua visigino akiwa amesimama, miguu miwili. Mama Indira anatia mawe kama anayetia chumvi. Anaongeza kidogo, anamtazama usoni, anaongeza tena.

Jumamosi, 28 Juni
Naandika hapa dukani, kwenye kigoda. Nishant amefika, funguo za gari bado mkononi. Mzee amevua kandambili. Mguu usioumia ameukunja, amesimama kwa ule ulioshonwa, anafuata kopo la kahawa rafu ya juu — kisigino kimeinuka! Mama Indira ananifinya mkono wa kushoto, daftari linacheza. Nishant anasema inatosha, ashuke. Hashuki. Amenigeukia, ananiuliza kwa upole sana kama na hii nitaiweka kwenye mizani.

Mama Indira amefumba macho. Anasikiliza.