Mkanda wa Mama Riziki

Jumanne, Katubuka

Na bado ndege ni salama kuliko mtumbwi. Hapo sikumdanganya Mama Riziki.

Leo darasani nilipanga viti kama ndani ya ndege, nikawafundisha wakimbizi wanaosafirishwa Alhamisi kwenda kuishi nchi nyingine kufunga mkanda kwa vipande vya kanga. Mmoja wao, Mama Riziki, akakataa.

"Mwalimu, tukivuka ziwa nilimfunga Riziki kwenye mtumbwi kwa kanga, asianguke. Ulipopinduka, fundo likakataa kufunguka."

Nikamwambia, "Ndege ni salama kuliko mtumbwi. Na asiyefunga haendi. Nafasi anapewa mwingine."

Akafunga. Nikalikosoa fundo lake mbele ya wote.

Akauliza taratibu, "Wewe umepanda ndege mara ngapi?"

"Nyingi."

Ofisi imenipa tiketi yangu ya kwanza ya ndege, ya kwendea likizo. Nimeirudisha jioni hii. Nimeomba ya treni.