Taa ya Mswala wa Shangazi Hafidha

Jumatatu, 3 Machi 1986

Mahdi kanijia dukani — katoka Mombasa kumchukua mama yake akaishi naye. Shangazi Hafidha kagoma. Ati nyumba hii aliingia bi harusi, atatoka kwa jeneza. Mahdi auliza, mtu mzima akianguka peke yake nani atajua? Nikamjibu: mimi. Nipe mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kacheka! Binamu yangu adhani fundi wa redio kazi yake ni kupuliza vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata. Vibati viwili vya kopo la maziwa, katikati vipande vya mpira wa ndara. Vinakaa chini ya mswala. Shangazi akisimama kusali alfajiri, vibati vinagusana — kitaa cha tochi kinawaka jikoni kwa jirani yake Mbeyu, ambaye saa hiyo yuko macho akikaanga mahamri ya kuuza. Akitoka juu ya mswala, kinazima. Kisipowaka kabisa, Mbeyu ende akabishe. Rahisi! Sijui kwa nini hakuna aliyefikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Taa nimeifunga. Waya umepita juu ya ukuta. Shangazi kaiangalia kwa jicho la pembeni, kauliza kama sasa Mbeyu ndiye malaika wa kumwandikia sala zake. Lakini kakubali. Hataki Mombasa.

Nilipokuwa natoka kaniita nirudi. Mswala nimeuacha wazi! Niukunje, nisimwachie shetani pa kusalia. Tangu utotoni ni hilo hilo. Yeye mwenyewe akitoa salamu ya kumaliza sala tu, haondoki pale bila kuukunja.

Jumanne, 11 Machi

Haijakosa hata mara moja. Mbeyu akiona taa humpelekea mahamri ya moto. Shangazi alalamika ananeneshwa kama mbuzi wa Idi. Anafurahi, namjua.

Nikimaliza hii nitamfungia na Mzee Kalama kule Jilore. Wazee wote wa pwani hii!

Ijumaa, 14 Machi

Mahdi anakuja kesho. Na aje.

Mbeyu kapita sasa hivi na karai lake, jua limeshapanda. Kanipa habari njema: taa inawaka tangu alfajiri, haijazima. Alipeleka mahamri, kapiga hodi mara tatu, kimya. Mtu aliye kwenye mswala hajibu hodi, kwa hivyo kayaweka kizingitini akaondoka, asije akamkatizia ibada. Kauliza kama atoe betri, zisiishe bure. Nikamwambia aache iwake. Mahdi aikute inang'ara!

Leo Ijumaa, Shangazi husoma sura ya Kahf. Na nyiradi zake ndefu.

Lakini Kahf huisomea kitini, barazani, penye mwanga. Mswala huwa umeshakunjwa.

Labda mpira umebonyea, vibati vimeshikana. Ndara yenyewe ilikuwa kuukuu. Ndiyo, mpira tu. Nitaubadilisha kabla Mahdi hajafika.

Kapiga hodi mara tatu. Mahamri yako kizingitini mpaka saa hii.

Taa nimeifundisha kusema Shangazi yuko juu ya mswala. Sikuifundisha kusema kama amesimama.

Nafunga duka