Kabla Guleid Hajafika Iftin

Hadado, Jumapili

Aabo mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai uvimbe wa mguu umepungua, na kwamba dada Fowsiya anakupa dawa kwa wakati hata ukimnunia. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Hooyo pia ni mzima. Anauliza kama mumewe siku hizi anapata usingizi. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu wewe ndiwe uliyenifundisha kuandika barua kwa lugha hii, na kwa sababu neno nililo nalo siwezi kulisema kwa simu.

Mvua haijanyesha. Pampu ya kisima bado imekufa, na lori la maji huja mara moja kwa wiki, wiki nyingine halifiki. Darasani kwangu wanafunzi kumi na wawili hawaji tena. Wamefuata mifugo upande wa Eldas.

Tangu uchaguzi kamati yetu ya kisima imekuwa kamati mbili: wewe mwenyekiti, mtu wa gavana, na Adeer Guleid katibu, mtu wa upinzani. Kila mmoja wenu aliandika barua yake ya kuomba pampu. Afisa wa maji akazirudisha zote mbili, akasema anataka moja yenye sahihi mbili. Guleid alisema jina lake halitakaa karatasi moja na la mtu aliyemwita msaliti mbele ya watu mkutanoni. Wewe nawe ulisema yeye ndiye aliyeanza, kwa kukuita kibaraka. Bishara muuza chai aliwacheka nyote. Alisema ngamia wake hawana kadi ya kura, sasa wamlilie nani?

Nilipokuja huko Iftin, Garissa, likizo ya Aprili nilikuletea salamu za Guleid. Nilikwambia anajuta, na anaomba umsamehe kwa ajili ya miaka mliyochunga pamoja mkiwa vijana. Uligeukia ukutani, kisha ukaomba kalamu, ukatia sahihi barua moja niliyoiandika kwa niaba yenu. Niliporudi, Guleid naye akatia sahihi. Pampu imekubaliwa na itafika wiki ijayo, ila fundi hataifunga mpaka nyote wawili mtie sahihi karatasi ya kuipokea.

Karatasi hiyo Guleid anakuletea mwenyewe Alhamisi, na kukujulia hali. Amekuandalia nyirinyiri, nyama kavu ya kukaangwa, ndani ya samli. Mkewe anamtania kwamba hajapata kumwona akipaka ndevu hina kwa ajili ya mtu wa gavana.

Aabo, Guleid hakunituma. Hakuniambia neno hata moja la kujuta. Zile salamu nilizitunga kwenye basi, kabla hatujafika Garissa. Na niliporudi nilikwenda kwake nikamwambia kwamba ni wewe unayeomba radhi, kwamba umelala mgonjwa na neno lile la msaliti linakuchoma. Alivua kofia, akaiweka mapajani, kisha akaomba kalamu. Kila mmoja wenu alitia sahihi akiamini mwenzake ndiye aliyeinama kwanza. Sasa anakuja kukuambia amekusamehe kosa ambalo hukuliombea msamaha.

Najua dini humpa nafasi mtu anayepatanisha watu, hata akiongeza neno lisilokuwepo. Nimejificha nyuma ya hilo wiki tatu. Lakini nikijiuliza kwa dhati, sikuwa nafikiria kisima peke yake. Maneno niliyompa Guleid ndiyo niliyotamani kukusikia ukiyasema tangu siku ya mkutano ule. Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa, nikaona uso wake, na niliona haya kuwa binti yako.

Nisamehe kwa hilo zaidi kuliko kwa uongo.

Barua hii anaileta Bare, dereva wa basi, anayeondoka kesho, ili ikufikie kabla ya mgeni. Ukitaka kumwambia Guleid ukweli, mwambie, na useme ni mimi. Nitakubali atakachonifanyia na utakachonifanyia. Akiondoka kwa hasira bila sahihi yako, nitajua kilichotokea na nitawaeleza akina mama hapa kisimani mwenyewe. Lakini akiketi na kusema amekusamehe, nawe ukiona kwamba neno lile kweli lilimuumiza, basi Aabo, bado halijaombewa radhi. Ni wewe tu unayeweza.

Msalimie Fowsiya na watoto wake. Mungu akuponye na akurudishe nyumbani salama.

Binti yako,
Nasteho Siyad