Makapi ya Sura ya Tisa

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu zikufikie wewe, mkeo, na wote wanaolala chini ya bati lako. Natumaini mgongo wako umepoa na kwamba shughuli za kuchapa vitabu hazikunyimi usingizi. Ukitaka kujua hali yangu, moyo umechoka. Daktari alimnong'oneza binti yako mlangoni kwamba tuhesabu majuma tu, akidhani sisikii. Upande wangu wa kulia bado umelala kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini kichwa kizima, hasira nzima, na mkono wa kushoto umejifunza kuandika. Usimgombeze binti yako, hajui. Naandika akienda kazini, kurasa mbili tatu kwa siku, na karatasi nazilalia chini ya mto.

Sasa keti, maana salamu zimekwisha.

Jumapili ulikuja na wageni wako wa kazini. Mkakaa kwenye viti vyangu, mkatua vikombe vya chai juu ya vitabu vyangu, mkanizungumzia kama kabati. Mmoja akauliza kama naelewa lolote. Ukamjibu, kwa huruma, kwamba labda nasikia sauti tu, na kwamba hata nikisikia, ni kama mvua juu ya jiwe. Hapo nikakuita punda.

Wageni walishtuka. Wewe ukatabasamu. Ukachukua kitabu changu mwenyewe, kile cha lugha na ubongo kilichonipa jina, ukawasomea sura ya tisa: kwamba aliyepoteza lugha kwa kiharusi huweza kubakiwa na matusi, dua na maamkizi, kwamba hayo si lugha bali makapi, nayo humtoka mtu kama chafya. Ukawaambia wasijali, dada hamaanishi. Mgeni mmoja mwenye kitambi akacheka, akasema afadhali, maana kwake nyumbani huitwa hivyo na mtu mwenye afya yake.

Kasuku, nilimaanisha. Nimemaanisha kila mara. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijatamka neno nililolipima vizuri kuliko hilo.

Unakumbuka kwa nini tulikupa jina hilo? Ulikuwa unarudia kila nililosema, hata uongo wangu, na mara nyingine ukachapwa wewe kwa makosa yangu. Nywele zimekuwa nyeupe na bado hujaacha. Nilidhani kumiliki nyumba ya kuchapa vitabu kungekufundisha kuuliza maswali. Kumbe umepata tu mtambo wa kurudia kwa nakala nyingi.

Na yule mwalimu wa matamshi, aliyetoka kliniki kunifundisha kusema tena, ulimfanyia nini? Kijana wa watu alikuja na mkoba wake wa picha, kikombe, ufunguo, mbuzi, akanivumilia nikimtemea mate bila kukusudia na nikimtukana kwa kukusudia. Yeye hakutabasamu kama wewe. Nilipomwita punda alivuta kiti karibu, akaniuliza ni punda gani, wa kubeba au wa kupiga mateke. Nilicheka, Kasuku. Tukaanzia hapo. Kutoka kwenye tusi akavuta neno jingine, na jingine, kama mtu anayefumua sweta kwa uzi mmoja uliochomoza.

Miezi sita tangu kiharusi ilipotimia ulimwita sebuleni, mbele yangu, ukamwambia kazi imekwisha. Akakwambia kwamba nasikia kila neno, na akasema jambo ambalo sijalisahau:

"Mzee, mtu anayeweza kukutukana anaweza kukuomba maji. Niachieni mlango huo."

Ukamfungulia sura ya tisa. Ukamsomea pale nilipoandika kwamba baada ya miezi sita kumfundisha mgonjwa wa namna hii ni kuteka maji kwa pakacha. Akasema anaijua sentensi hiyo. Imebandikwa ukutani kliniki, na kwa sentensi hiyo wagonjwa wake hurudishwa nyumbani wakae kwenye viti kama mimi. Ukamwuliza kama yeye anajua kuliko mwenye kitabu. Kijana alinigeukia mimi, picha ya kikombe bado mkononi, akasubiri.

Mlinisubiri nyote wawili. Nikanyamaza. Akafunga mkoba wake akaenda.

Na Jumapili, wageni walipotoka, ukaniwekea mapajani karatasi za toleo jipya, ukanieleza polepole, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba sura ya tisa haikuguswa hata nukta, kwa heshima yangu. Ijumaa inaingia mtamboni. Heshima! Mnanizika hai kwa jembe langu mwenyewe, kisha mnataka nishukuru.

Nimekukasirikia hadi hapa, na kila neno nalisimamia. Lakini hasira hii ina mwenyewe, na sitaki kufa nimekubambikia wewe yote.

Siku ile mwalimu aliponigeukia, niliweza kusema. Nilikuwa na maneno ya kutosha. "Mwache" nilikuwa nalo, nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikiwa peke yangu, nikiliambia dirisha. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, kwa sababu ningelitamka, sura ya tisa ingekufa pale pale sebuleni, na mimi ndiye ningekuwa nimeiua. Tangu siku hiyo, ukiondoa matusi, nimekaa kimya kwa hiari yangu. Nimemwacha binti yako anilishe kwa kubahatisha, anipe maji nikitaka blanketi. Nimewaacha wale wa kliniki warudishwe nyumbani mmoja mmoja. Niliona ni nafuu kufa bubu kuliko kuishi nikiwa nimekosea. Hayo nayo usinitafutie jina la kitaalamu. Ni kiburi tu, na hakikuletwa na kiharusi.

Basi sikiliza. Zuia mtambo. Sura ya tisa itoke, na mahali pake mwalimu aandike kile alichokiona, kwa jina lake. Kliniki waambie waitoe ile sentensi ukutani, na waseme aliyeitoa ni mimi.

Najua utajiambia kwamba mkono wa mgonjwa unaweza kuandika lolote, kwamba hii nayo ni chafya. Utatafuta ukurasa. Kwa hiyo barua hii sikuibandika stempu, wala sikuiacha mezani iokotwe. Itabaki chini ya mto mpaka binti yako arudi kutoka kazini, nimwite karibu, nimwambie kwa mdomo wangu akuletee leo leo. Kama unaisoma, basi nimeshasema. Mtazame usoni aliyekuletea, yuko hapo mlangoni kwako. Mwulize nilisema nini.

Msalimu mkeo. Mwambie kitambaa alichonifumia kinanipa joto, na kwamba rangi yake siipendi. Nimetaka kumwambia kwa muda mrefu. Njoo kesho, peke yako, bila kitabu. Mlete mwalimu kama atakubali kupanda gari moja nawe. Nitawaomba maji.

Ni mimi dada yako mkubwa,
ninayemaanisha.